Jiwe la Sikio

Mjomba Bwire aliponiona nimeshuka na begi
hakuuliza chuo kilikuwaje. Alinipeleka zizini.
Ndama wake alikuwa anahara siku ya tatu.
"Si umesomea wanyama?"
Mjomba, huo ni udaktari wa mifugo. Mimi ni zuolojia.
Alilitafuna lile neno kama mtu aliyekuta mwiba kwenye sato,
akalitoa polepole, akaliweka pembeni ya sahani.
Ndama akapona kwa majani ya jirani.

Miaka mitatu nilipasua vyura kwa ruhusa ya serikali.
Nilichora moyo wa mjusi, vyumba vyake vitatu,
nikakariri Kilatini hadi nikaota naita mahudhurio.
Mwalimu Rwegoshora alikuwa akishika kichwa cha samaki, anasema:
"Ndani ya sikio lake kuna jiwe.
Samaki aweza kukudanganya kwa urefu, hata kwa uzito.
Jiwe halijajifunza uongo."
Ukilisugua likawa jembamba, ukalitazama kwa hadubini,
lina miduara: mwaka wa shibe mpana,
mwaka wa njaa kama uzi.

Hilo alitufundisha.
Barua ya maombi ya kazi hakutufundisha.

Nimeandika thelathini na saba. Ninalo daftari,
kwa mazoea: tarehe, mahali, idadi iliyoonekana.
Waliojibu, wawili.
Mmoja alitaka uzoefu wa miaka mitano.
Wa pili alitaka mwanamume awezaye kuendesha boti.
Boti naiweza. Nimezaliwa Igombe.

Nyuma ya chumba changu, Mabatini, juu kwenye mawe,
wanaishi pimbi. Mwenye nyumba anawaita panya wanene.
Nikamwambia hawa ni jamaa za tembo,
tazama kucha, tazama meno ya mbele yanavyochomoza.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
Lakini ndivyo ilivyo. Ukoo mmoja:
huyu ana hifadhi, ana askari,
ana picha yake ukutani uwanja wa ndege;
yule ana jiwe, na jua la asubuhi,
na sauti ya usiku kama mlango usiotiwa mafuta.
Wenzangu wawili walipata tembo.
Mimi nahesabu pimbi, kumi na tisa leo,
na sijui namhesabia nani.

Mchana niko kiwandani, buti nyeupe, kibarua.
Napima ubaridi wa minofu ya sangara
itakayopanda ndege kabla yangu.
Minofu huondoka. Mapanki hubaki na sisi.

Mama, Nyanzobe wa mapanki, jiko la tatu ukitoka Mwaloni,
huniwekea vichwa.
Mwanzoni aliona aibu, msomi mzima
kuchokonoa fuvu kwa kibanio cha nyusi.
Siku hizi huchokonoa mwenyewe, upesi kuliko mimi,
anayapanga mawe kwenye kifuniko cha ndoo,
mawilimawili, kama viatu mlangoni.
"Huyu alikuwa na miaka mingapi?"
Hadubini sina. Nasugua kwenye msasa,
natazama kwa lenzi niliyoing'oa kwenye kamera mbovu.
Minne, nasema. Labda mitano.
"Na hapa palipobana?"
Sijui, mama. Kuna kitu kilimpata.
Akageuza panki kwenye mafuta, likalia.
"Akaendelea kukua hivyohivyo," alisema,
"mpaka wakamvua."

Kopo la maziwa limefika mawe mia mbili na kumi na mawili,
kila jozi na karatasi yake.
Nikilitikisa linalia kama njuga.
Jana nimeandika barua ya thelathini na nane.
Penye uzoefu, safari hii, sikuruka mstari.
Nimeandika: vichwa mia moja na sita.

Mama ameuliza kama hiyo ina mshahara.
Bado, nikasema.
Akafuta mikono kwenye kanga,
akanisogezea kichwa kingine.