Dakika Nne

Honi za meli Kilindini hazinigusi.
Miaka kumi na mitatu nahesabu makontena
chini ya kreni iliayo kama chuma king'olewacho jino,
na usiku nalala fofofo.
Lakini mama akiinua kisahani,
akivuta chai, sss, sssp,
damu yangu yaparaga ukuta kama mwizi,
ngumi yajikunja chini ya meza
bila kuniuliza mwenyewe.

Mama. Aliyenilea peke yake hapa Majengo
kwa cherehani moja na madeni ya dukani.

Walinifukizia ubani, wakasema ni jini.
Mjomba Badi akasema ni kiburi:
"Huyu ameota masikio ya kizungu."
Daktari wa masikio akanimulika kurunzi,
akasema ni mazima, nirudi nyumbani.
Mazima! Si ndiyo maradhi yenyewe?

Bi Umazi ana chumba Tudor, juu ya duka la dawa.
Feni yake ina kilema: kila mzunguko wa tatu, tk.
Niliisikia kabla sijaketi. Akaniona nikiisikia.
"Niizime, au niiache?"
Sijawahi kuulizwa hivyo.
Nikasema iache, kisha nikalia,
mtu mzima wa miaka arubaini, kwa sababu ya feni.

Hakuniambia nizoee.
Alitaka kujua kilichopo kabla ya ngumi,
ile nukta moja tu;
nikachimba, nikakuta kitu kidogo kimejikunyata
kama paka aliyemwagiwa maji.
Akanipa kazi: keti mezani dakika moja.
Nyayo sakafuni. Tafuta vitu vya samawati, uvitaje.
Wiki ijayo, mbili.
Ukishindwa, toka; lakini utoke kwa kuaga.

Mwaka wa saba huu nafuturu jikoni,
mgongo kwa mlango.

Jumanne ya wiki ya nne nikaketi.
Kikombe: samawati. Pindo la leso ya mama: samawati.
Hapo ndipo nilipoiona sahani yake:
mkate wa mofa uliolowa chai ukawa uji,
boga lililopondwa,
biskuti iliyochovywa hadi ikakata tamaa.
"Mama, meno yana nini?"
"Yapo yote," akasema, macho kwenye kitambaa cha meza.
"Nilidhani nikila vilaini utarudi."

Nikatoka mbio hadi kwa muuza kachri wa kona,
nikanunua za muhogo, za moto, zenye pilipili na ndimu,
nikazimimina mbele yake.
"Tafuna, mama."

Akatafuna.
Wallahi kila mvunjiko ulinipiga hapa, chini ya sikio.
Kikombe. Pindo. Kifuniko cha birika. Kikombe tena.
Dakika ya nne nikasimama, nikaaga.
Nyuma yangu akanyamaza,
akazisikiliza ndara zangu zikienda,
halafu, krap,
akaendelea.