Kabla Hatujafungua

Vuli imeondoka bila kuaga.
Kufuli nimelifungua kwa mafuta ya taa na matusi,
mlango wa stoo ukapumua uvundo wa wiki sita,
na panya, wenye nyumba sasa, wakanitazama
kama mgeni aliyekuja bila kuagiza chumba.

Tuna siku kumi na moja.
Tiara ishirini na sita, tatu zimeota ukungu.
Pandu anazijaza upepo moja moja, anatega sikio
kama mkunga juu ya tumbo,
anasikiliza wapi zinavuja.
Hapa, anasema. Na hapa. Hii basi, imekufa.
Tunaikata iwe viraka vya wenzake.

Kamba tumezinyoosha uwanja wa mpira,
mita ishirini na nne kila moja:
moja ikiizidi mwenziwe upana wa kidole tu
tiara huenda kombo, na mtu huifuata.
Watoto wa chuoni wameambiwa wasizikanyage, waruke.
Wameruka. Mmoja hakuruka vizuri.
Tumepima tena.

Tajiri yuko kwao, milimani, anapiga simu ya picha.
Nduguye ana mlima wa kutelezea,
viti vinavyoning'inia kwenye waya
kuwapandisha watu kileleni.
Nao wanafungua mwezi huu.
Nao wana orodha, nao wana kutu,
nao wanagonga kila nati kwa nyundo.
"Theluji ikichelewa," anasema, "tunaitengeneza.
Kuna mashine, inaitema usiku kucha."
Nikamuuliza Pandu: na sisi, kaskazi ikichelewa?
Akanipa pampu ya mkono.
"Haya, anza."

Mkaguzi kaja Jumanne,
kahesabu majaketi ya kuokolea,
kafungua kisanduku cha dawa:
plasta zote zimegandana kuwa plasta moja.
Kaandika. Kanywa soda. Kaandika tena.

Lakini linalonikosesha usingizi halimo kwenye orodha yake.
Msimu uliopita mwanafunzi wangu, wangu mimi,
alivutwa hadi ndani ya shamba la Mkasi,
kamba ikafyeka safu nne za mwani
uliobakisha siku tatu kuvunwa.
Nilimpelekea elfu hamsini kwenye bahasha.
Bahasha ilirudi. Ndani mna elfu hamsini
na kipande cha mwani, kikavu kama ukucha.

Leo ni bamvua, maji yametoka mbali,
nimemfuata huko huko, viatu mkononi,
vigingi pande zote
kama darasa lililosimama kumngoja mwalimu.
Alikuwa anafunga taitai. Hakuinua kichwa.
Shikamoo.
Kimya. Kisha marahaba ya nusu sauti.
Nikasema, nionyeshe mpaka wako.
"Miaka mitano uko hapa, leo ndiyo unauliza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na madumu kumi na mawili
ya mafuta ya kupikia, nimeyapaka rangi nyekundu,
na kamba, na mawe ya kuyatia nanga.
Akaligonga moja kwa kifundo cha kidole.
"Madogo."
Tukatembea. Yeye mbele, mimi na mzigo nyuma,
akielekeza kwa kidevu: hapa. Si hapo, hapa.
La saba alilikataa, akataka lisogezwe
hatua tisa kuja upande wangu,
na mimi, mwenye leseni na muhuri,
nikasogeza.

Maji yakaanza kurudi chini kwa chini,
yakayainua madumu moja baada ya jingine.
Kwenye la mwisho akaniomba kalamu,
ile tunayoandikia namba za tiara.
Akaandika MKASI, herufi kubwa, S imegeukia nyuma.
"Waambie wanaojua kusoma," akasema.

Jioni Pandu karusha ile yenye viraka vingi.
Ikayumba, ikafikiri, ikakaa.
Kitambaa cha mlingotini kikapiga kofi moja,
kikalegea.
Bado siku kumi.
Panya wamerudi stoo.
Nimewaachia kona.