Milisekunde Mia na Themanini

Isevya, umeme ukirudi saa nne usiku,
nafungua kompyuta ya marehemu kaka,
ile iliyong'oka kitufe cha N,
na ndani yake kuna bao.

Mashimo thelathini na mbili, kete sitini na nne,
nyumba mbili, kichwa na kimbi,
vyote nimevikunja vikawa safu ya namba
iliyotulia kama magunia ya tumbaku stoo.

Haikuwa hivyo mwanzo.
Mwanzo kila kete niliipa jina, rangi na kivuli,
na simu ya Mihayo, yenye kioo kilichopasuka,
ikapata moto kama pasi ya mkaa.
Akanirudishia imefungwa kwenye leso:
"Bao lako linakula chaji kama mchwa na mlango."

Nikaona haya. Miezi mitatu
nikafuta, nikakata, nikapunguza.
Mistari elfu mbili ikawa mia nne na kumi.
Kitanzi kilichozunguka ndani ya kitanzi nikakivunja,
hata mashine ikawa inajibu
kabla kidole hakijainuka.
Usiku ule nililala kama mtu aliyelipa deni.

Jumamosi nikaipeleka barazani kwa fundi Kasubi,
penye cherehani mbili na bao la mninga
lililolainishwa mashimo na viganja.
Nyamizi, mpokea mizigo wa stesheni,
ambaye pale hafungwi, akaichukua kwa mkono mmoja.
Akanamua, akala, akaingia kichwa cha kushoto.
Hajavuta pumzi,
zamu ilikuwa yake tena
na nyumba yake ilikuwa tupu.

Alinyamaza. Akahesabu. Akahesabu tena.
"Umeniibia."
"Siyo mimi, dada, ni hesabu tu."
"Mkono uko wapi? Mtu akizungusha kete
bila kuonesha mkono, hapa tunamwita mwizi,
hata kama amehesabu sawa."

Wakarudi kwenye mninga. Nikabaki nasikiliza:
ta, ta, ta, ta,
komwe juu ya komwe,
watazamaji wakihesabu kwa midomo isiyo na sauti,
shimo la mwisho lina kitu, halina, lina, halina,
"Imelala!"
Kicheko kile kilisimamisha cherehani.
Na mimi hicho ndicho nilichokifuta,
kwa mikono yangu, nikidhani ni uchafu.

Ndani sikugusa kitu. Nimeiacha vilevile,
nyembamba, kavu, maana simu ya Mihayo ni ileile.
Juu yake ndipo nikaweka mkono,
kiganja cha rangi ya udongo, kinachochota
na kudondosha moja moja,
na kati ya kete na kete nikaandika mstari
ambao mwalimu wangu wa Veta angeucheka:
subiri, milisekunde mia na themanini.
Mia mbili na hamsini, Mihayo akapiga miayo.
Mia na ishirini, Nyamizi akakunja uso.
Wiki mbili nilikitafuta kipimo hicho
kama mpishi mgeni anavyotafuta chumvi.

Kuna jingine sijawaambia.
Zamu ya mashine ikifika, jibu inalo tayari.
Nimeifundisha kukaa kimya sekunde tatu,
tano ikiwa njia ni nyingi,
na mara mojamoja ule mkono
huelea juu ya shimo moja, ukaghairi, ukaenda jingine.
Haughairi chochote. Ni mimi.

Jana Nyamizi alifungwa, safu ya mbele tupu kabisa.
Akafuta kioo kwa pindo la kanga, akasema,
"Sasa huyu anafikiri."
Nikaitikia kwa kichwa,
macho yangu kwenye uzi wa fundi.
Simu haikuwa na joto.
Alikuwa ameshaanza nyingine.