Nikumbushe Baadaye

Wiki ya tatu sasa, pembeni mwa skrini,
kidirisha kinafunguka bila kubisha hodi:
"Mfumo wako umezeeka. Boresha sasa."
Na chini yake, kwa herufi za unyenyekevu:
"Nikumbushe baadaye."
Nabofya baadaye.
Mimi mwenyewe nina miaka sabini na mmoja
na hakuna aliyewahi kuniletea kitufe cha hivyo.

Nje, Łódź inanyeshewa na ile mvua ya Novemba
isiyoamua kama ni maji au ni theluji.
Tunafanana.

Niseme kweli: kompyuta hii inanitosha.
Kila usiku, baada ya supu ya kabichi,
naitoa tramu bohari, ndani ya gemu,
naipeleka Helenówek na kuirudisha.
Ya chuma niliiendesha miaka thelathini na minne;
hii ya nuru haidai hata glavu.
Mkono wangu wa kushoto umeshika wenzo wa breki,
wa shaba, wa kweli, niliounusuru kwa wauza vyuma chakavu.
Kajetan aliufunga nyaya juu ya ubao wa kukatia mkate,
akauandikia programu ya kuuendesha
kwa mikesha minne na chupa mbili.
Programu ile inaujua mfumo huu tu.
Kajetan tulimzika mwaka juzi, ardhi ikiwa ngumu
hata wachimbaji wakaomba nyundo.

Nikamuuliza Ziemowit, fundi wa dukani.
Akaichungulia mashine kama daktari wa meno.
"Kumbukumbu inatosha, mzee.
Kadi ya michoro itajikongoja.
Lakini huo wenzo... dereva wake hatapatikana tena."
Nikamtazama.
Kijana, dereva wake ndiye huyu
unayemrudishia chenji.

Usiache mbachao kwa msala upitao:
hilo nililijua.
Kipya kinyemi, kingawa kidonda:
na hilo pia.
Nikaziweka mezani, moja kulia, moja kushoto,
zikatazamana kama abiria wasiofahamiana.

Ila kuna Jagna.
Mjukuu wangu, miaka kumi na mmoja, yuko Bergen na mama yake.
Ana gemu mpya: wawili wawili, kila Jumamosi,
wanachimba mji chini ya mlima.
"Babu, njoo uchimbe na mimi."
Gemu hiyo haikubali mfumo kama wangu.
Aliniomba mara ya kwanza, nikasema nitaona.
Mara ya pili, nikalaumu kadi ya michoro.
Mara ya tatu nilipoanza kueleza, akasema,
"Haidhuru, babu."

Haidhuru.
Kila dereva anamjua yule abiria wa kituoni
anayeushusha mkono kabla hujampita,
kwa sababu ameshauona uso wako.

Ijumaa nikaipeleka tramu mara ya mwisho.
Nilisimama kila kituo, hata pasipo na mtu,
nikafungua milango, nikahesabu hadi tano, nikafunga.
Nikairudisha bohari. Nikauchomoa wenzo.
Nikabofya sasa.

Saa mbili na nusu. Feni ililia kama paka kwenye kreti.
Asilimia sitini na moja ikagoma,
nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.
Niliporudi, skrini ilikuwa ya buluu, ngeni, inanikaribisha
kwa jina langu, Bogumił, bila herufi yake ya mwisho sawasawa.

Jumamosi. Giza la mlimani, tochi mbili.
Mimi sijui kutembea; napiga ukuta, naomba radhi ukuta.
Jagna anacheka hadi kipaza sauti kinakwaruza.
Kisha anakimbia mbele, anakimbia,
na mimi naliona shimo kabla yake.
Mkono wa kushoto ukajiendea wenyewe mezani,
ukaushika wenzo usiounganishwa na kitu,
ukauvuta wote, kwa nguvu, kama pale ilipotokea baiskeli.

Naye, ukingoni, akasimama.
"Babu," akasema, "umejuaje?"