Mita Imelala

Miaka kumi na tisa nilisoma mita za maji,
Umoja, Kayole, Komarock, hadi kwetu Donholm,
nikifunua vifuniko vya chuma kwa bisibisi,
nikipangusa utando wa buibui, nikiandika tarakimu.
Kiu ya mji huu naijua kwa nambari:
nyumba iliyokunywa, nyumba iliyoiba,
na nyumba ambayo mita yake imelala
kwa kuwa mfereji unakohoa hewa tangu Jumapili.

Nilipostaafu nilitaka kitu cha kukanyagia macho mlangoni.
Nyasi tulikuwa tumeshazizika mara mbili.
Nikaenda Lang'ata kwa Muthengi, muuza miche wa kando ya barabara,
akanipa vifuko sita vyeusi, majani membamba
rangi ya moshi, rangi ya kisu kilichofutwa.
"Hizi ni pinki," akasema. "Usizibembeleze."

Nilizibembeleza.
Asubuhi kikombe, jioni kikombe, na maji ya kuoshea mchele.
Udongo wetu mweusi, ule unaong'ang'ania viatu Aprili
na kupasuka Februari kama kisigino,
ukayashika maji ukakataa kuyaachia.
Mwezi haukuisha, mashina yakawa uji.
Sikuwahi kuua kitu kwa ukarimu kabla ya hapo.

Kwamboka wa nyumba ya pili akachungulia juu ya michongoma:
"Vitunguu vyako vimeoza, jirani?"
Siku hizo alikuwa akibomoa ukuta wake wa zamani.
Nikamwomba kifusi. Akacheka, akanipa toroli tatu:
plasta, chokaa, matofali yaliyovunjika,
na kigae kimoja cha buluu ambacho ninacho bado.
Nikainua tuta shubiri mbili, nikatia kokoto na mchanga wa mtoni.
Katika vile vifuko sita, kimoja kilikuwa hai upande mmoja.
Nikavuta vichipukizi pale kwenye kifundo,
polepole, kama mtu anayetoa uzi kwenye tundu la sindano,
nikavichomeka chini ya beseni lililotoboka.
Kumi na kimoja. Vikashika tisa.
Kisha nikafanya kazi ngumu kuliko zote:
niliviacha.

Mwaka uliofuata vuli haikuja.
Matangi yalilia debe tupu, mkokoteni wa maji
ukapandisha mtungi hadi shilingi hamsini,
na uwanja wa mwenyekiti wa mtaa ukawa hudhurungi
licha ya ule mpira wake wa usiku.
Pinki zangu zikatambaa.
Zikapita ukingo wa tuta, zikaziba nyufa, zikawa mito,
si mito ya maji, mito ya kulalia paka.
Halafu zikachanua: petali zenye kingo za mikato mikato
kama karatasi iliyopitiwa na mkasi wa mtoto,
na katikati duara la damu ya mzee.

Jioni moja, kifusi kikitoa joto la mchana,
Kwamboka akasimama njiani, pua juu.
"Leo unapika pilau na hujanialika?"
Sufuriani mwangu mlikuwa na sukuma tu.
Nikamwonyesha chini.
Akapiga magoti, lile bovu kwanza, akainama:
karafuu.
Karafuu Donholm, imemea juu ya ukuta wake mwenyewe.
Alikaa pale muda mrefu kuliko goti lilivyotaka.
Akauliza bei.
Nikamwambia alete toroli, na beseni lolote lililotoboka.

Alhamisi maji yalirudi saa nane za usiku.
Nilisikia milango, ndoo, vishindo vya kandambili,
na mita yangu ikianza kuzunguka, tiki, tiki.
Nikajaza ndoo mbili, ya chai na ya kufulia.
Nikapita karibu na tuta gizani, mikono imejaa,
na kwa mazoea tu nikataka kumwaga kidogo.
Sikumwaga.