Tanbihi

Ijumaa saa nane naruhusiwa kutoka.
Jumapili huku ni siku ya pasi:
kanzu kumi na moja, kola kwanza, kisha mikono.
Nashuka Ghala kutoka basi jekundu,
daftari nimelitia ndani ya mfuko wa basmati
lisilowe jasho.

Darasa letu ni chumba cha zamu.
Wamalayali wametoka, Wafilipino wataingia magharibi.
Ubaoni zimebaki herufi za duara zisizofutika vizuri
na juu yake Mwalimu Anyelwisye anaandika zetu:
KOZI YA PILI. SOMO LA NNE.
Juma zima hutengeneza viyoyozi;
kucha zake zina vumbi la mapaa ya watu.
Cha hapa kilipozima alikatiza sala,
akapanda kiti, akakipiga kofi,
kikaitikia amina kabla yetu.

Tuko tisa. Nafuna muuguzi husinzia
kalamu ameishika wima, kama sindano.
Tumsifu wa foklifti aliachia shule darasa la sita;
akifika "Kumbukumbu la Torati"
hulinyanyua polepole, kama shehena ya vioo.
Mimi Mkamburi, miaka arobaini na minne,
nilidhani theolojia ni ya wanaume wenye kola.

Kazi ya nyumbani: Hajiri.
Maneno mia mbili, kwa lugha yako mwenyewe.
Alimpa Mungu jina gani, na kwa nini.
Kazi ya nyumbani! Nilicheka peke yangu ndani ya basi.
Hiyo ninayo tangu alfajiri.

Niliandikia jikoni, juu ya meza ya kukunjia nguo,
nikakwama neno la kumi na tisa.
Akaingia Bi Zuwena, mama wa mwenye nyumba,
anatafuta dawa yake ya presha.
Al Khoudh nzima imelala.
Yeye kazaliwa Unguja; Kiswahili chake
ni nguo ya sikukuu, hakivaliwi kila siku.
"Waandika nini?"
"Habari za Hajiri."
"Bi Hajara," akanisahihisha, akavuta kiti.

Akahesabu kwa vidole:
kilima hiki, kilima kile, mara saba,
jua la utosi, mtoto analia, kiriba kikavu.
"Kitabu chako na changu havisimulii sawasawa.
Lakini kiu, mwanangu, ni moja.
Na mama yule hakukaa kitako."
Nikampa maji ya kumezea kidonge.
Akayanywa yote, akaiweka bilauri
taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Niliandika mpaka adhana.
Kwamba aliyempa Mungu jina hakuwa mfalme, wala kuhani,
bali kijakazi aliyetoroka, ana mimba,
hana pasipoti.
Nikaifuta pasipoti.
Nikairudisha.
Kwamba Aonaye alimwona kweli,
kisha akamwambia arudi kwa bibi yake,
na hapo kalamu ikagoma.
Nikaandika: hapa sielewi.

Yakawa maneno mia tatu na sitini.

Ijumaa iliyofuata, wino mwekundu:
"Sabini na nane. Umezidisha."
Pale niliposema sielewi amepiga mstari,
na pembeni, kwa herufi ndogo: "Hata mimi."
Na chini kabisa:
"Hivi vilima viwili umevitoa wapi?
Msomi hutaja chanzo. Weka tanbihi."

Akatuonyesha ubaoni, juu ya Kimalayali:
nambari ndogo begani mwa neno,
mstari mfupi chini ya ukurasa,
jina la mwandishi, mji, mwaka, ukurasa.
Nafuna akaamka kunakili.

Nimeiandika upya, kwa ule mwandiko wangu
niliosifiwa nao shuleni Wundanyi:

1. Zuwena binti Humaid, jikoni,
Al Khoudh, saa saba ya usiku.
Haina ukurasa.
Bilauri moja ya maji.