Mwandiko wa Penseli

Namjua kwa mwandiko tu.
Donāts, mwindaji, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka,
huandika kwa penseli kwa kuwa wino huganda.
Vichupa vyake hufika Riga Jumatatu
katika sanduku la barafu, kana kwamba huko kwao barafu imepungua.

Navaa glavu. Nafungua.
Kipande cha wengu. Ncha ya sikio.
Mara nyingine mfupa wa paja, maana mzoga uliolala wiki sita misonobarini
umeshaliwa na mbweha na kunguru, ukaachiwa uboho,
na uboho ni shahidi mwenye kigugumizi:
ukimsubiri, atasema.

Fomu inataka mahali, tarehe, jinsia, umri wa kukadiria.
Yeye huongeza pembeni:
"Jike. Alikufa ameelekea maji."
"Dume, jino moja limevunjika. Nilimkosa mwaka juzi."
"Vitoto vinne, mstari mmoja. Wa mwisho bado ana milia."
Msimamizi wangu husema yasiyoulizwa yasiingie kwenye kompyuta.
Siyaingizi. Nayasoma mara mbili.

Kisha mashine. Inapasha, inapoza, inapasha,
mizunguko arobaini na tano,
kisichoonekana kikijizidisha hadi kionekane.
Kama hakipo, mstari hulala kimya kama ziwa.
Kama kipo, huinuka,
na kazi yangu ndiyo hiyo ya ajabu:
nikipata ninachotafuta, nimepata msiba.

Virusi hivi havimdhuru mtu. Tunalisema hilo kwa simu kila siku.
Haviui mtu;
huua tu alicho nacho.

Februari, kichupa kimoja, mwandiko uleule,
lakini fomu ya rangi nyingine, ile ya mifugo.
Jike, miaka mitatu, zizini.
Pembeni: "Anaitwa Rozālija. Hajala tangu Alhamisi."

Nilisimama mbele ya mashine, jambo lisilosaidia,
mashine haioni haya kutazamwa.
Mzunguko wa kumi na tisa, mstari ukapanda.
Nikarudia.
Ukapanda.

Sheria inataka daktari wa wilaya ndiye apige simu.
Alikuwa amekwama njiani, theluji.
Nikapiga mimi.
Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko mwandiko.
Hakuuliza gari litakuja lini, wala fidia ni kiasi gani.
Aliuliza: "Ni buti zangu?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na mashine haisemi ni vazi gani.
Inasema ndiyo, inasema hapana.
Haiijui njia ya kutoka msituni hadi mlangoni,
wala beseni la dawa kizingitini lililoganda usiku mmoja, labda,
au nyasi za matandiko, au panya, au jirani.
Nikamwambia: "Hatuna kipimo cha hilo."
Ilikuwa kweli.
Akanyamaza. Nikasikia masufuria,
na mwanamke akiuliza ni nani.

Jumatatu ya pili ya Machi sanduku limekuja.
Mfupa wa paja, kusini mwa ziwa, jinsia haijulikani.
Penseli ileile.
Pembeni hakuna kitu.
Nikaigeuza karatasi, nikatazama hata nyuma.